Mti Uliopona Ndio Mti: Funzo la Wangari Maathai Kuhusu Kujitegemea

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Mpenzi msomaji, kabla sijaeleza lolote, sina budi kuungama. Mche wangu ulikufa.

Mtakumbuka kwamba mwanzoni mwa muhula wa pili, mvua ya masika ikiwa ingali inanyesha, tulipanda miche 120 nyuma ya mabweni, kando ya ua unaoelekea uwanjani. Siku hiyo ilikuwa ya shangwe na nderemo. Wageni waliwasili, kwaya ikaimba, hotuba zikatolewa, soda zikanywewa. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, jembe mkononi, nimekenua hadi jino la mwisho, na picha yangu ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo muhula mzima. Nilipomaliza kuushindilia udongo kwa kiatu changu cha shule, nilijipangusa mikono nikaenda zangu kula maandazi. Sikurudi tena pale.

Tulipofungua muhula wa tatu, mlezi wa chama chetu alinituma mimi na wenzangu wawili tuihesabu miche iliyopona. Tulihesabu, kisha tukahesabu tena kwa sababu hatukuyaamini macho yetu. Ilikuwa tisa. Tisa katika 120! Wangu ulikuwa kijiti kikavu, cha kuchokolea meno tu.

Jioni hiyo mkutano wa chama uligeuka mahakama. "Ni mbuzi wa jirani!" akasema mmoja. "Si mbuzi, ni ukame," akajibu mwingine. Wa tatu akadai kwamba shule ingalinunua mpira wa maji. Wa nne, ambaye hupenda siasa, akasimama na kuuliza serikali ilikuwa wapi. Mwalimu alitusikiliza mpaka tukachoka wenyewe, kisha akauliza swali moja tu: "Nani kati yenu aliumwagilia mche wake maji, hata mara moja?"

Kimya kikatanda. Kila mtu akaanza kuchunguza kucha zake.

"Basi," Mwalimu akasema, "kabla hamjamhukumu mbuzi, nendeni mkasome habari za Wangari Maathai. Yeye pia miche yake ilikufa."

Jambo hilo lilinishangaza. Sote tunamjua Wangari wa Tuzo ya Nobel, Wangari wa miti mamilioni. Huyu wa miche iliyokufa sikuwahi kumsikia. Nikaenda maktaba, nikasoma, nikauliza, na haya ndiyo niliyoyapata. Nayaandika kwa sababu naona yanatuhusu sisi wenyewe, wala si mambo ya kukariri kwa ajili ya mtihani.

Wangari alikuwa nani?

Wangari Maathai alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alipokuwa mdogo alitumwa kuteka maji na kuokota kuni kama watoto wengine wa mashambani. Karibu na kwao palikuwa na mkuyu mkubwa, ule Wakikuyu wanaouita mugumo, na mama yake alimkanya asiokote kuni zake kwa kuwa ulikuwa mti wa kuheshimiwa. Kando ya mkuyu huo palikuwa na chemchemi, na yeye alikuwa akicheza na mayai ya vyura majini.

Alifanya vizuri shuleni, akapata nafasi ya kusoma Marekani mwaka 1960. Alihitimu shahada ya kwanza mwaka 1964 katika chuo kimoja cha jimbo la Kansas, kisha shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Mwaka 1971 alipata shahada ya uzamifu jijini Nairobi, katika somo la anatomia ya wanyama. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kufikia kiwango hicho.

Lakini aliporudi Ihithe aliukuta mkuyu umekatwa, na ile chemchemi imekauka. Mtu mwingine angesikitika kidogo na kupanda gari kurudi mjini. Yeye aliyaweka mambo hayo mawili pamoja akilini: mti umekatwa, maji yamekauka. Mizizi ya mkuyu ilikuwa ikipenya chini hadi penye maji, na udongo ulioshikwa na mizizi hiyo haukuporomoka.

Kuni zinahusianaje na umaskini?

Katika miaka ya 1970 Wangari alijiunga na Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya. Wakati wa kujiandaa kwa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake, uliofanyika Mexico mwaka 1975, aliwasikiliza akina mama kutoka mashambani wakieleza shida zao. Hawakutumia maneno makubwa. Walisema hawana kuni. Walisema hawana maji safi. Walisema watoto hawapati chakula cha kuwajenga mwili, na wao wenyewe hawana pesa.

Ukiyasikia mambo haya haraka haraka, utaona ni shida nne. Wangari aliona ni shida moja yenye matawi manne. Hebu tuifuate polepole.

Wakulima walihimizwa kupanda chai na kahawa ili wapate pesa. Ili kupata nafasi ya mimea hiyo, miti ikakatwa. Miti ilipokwisha, kuni zikawa adimu. Mama asiye na kuni hawezi kuchemsha githeri kwa saa tatu, maana mahindi makavu na maharagwe hula kuni nyingi. Basi anapika kile kinachoiva upesi, hata kama hakina nguvu mwilini. Watoto wanashiba lakini wanadhoofika. Wakati huohuo mlima usio na miti hauwezi kuuzuia udongo. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu unateremka mtoni, shamba linabaki mifupa, na mavuno yanapungua. Mavuno yakipungua, pesa zinapungua. Pesa zikipungua, ule mti mmoja uliobaki unakatwa uuzwe makaa.

Huo ndio umaskini alioueleza Wangari. Si kukosa shilingi mfukoni peke yake. Ni gurudumu linalozunguka, na kila likizunguka linamkandamiza mtu zaidi. Basi akajiuliza: mahali gani katika gurudumu hili mama wa kijijini anaweza kuingiza mkono wake na kulisimamisha, bila kungoja mtu wa kutoka mbali? Jibu lake likawa rahisi hata wengine wakalicheka: apande mti.

Miche iliyokufa

Hapa ndipo penye habari ambayo Mwalimu alitaka tuisome.

Wazo la kwanza la Wangari halikufaulu. Alianzisha kampuni ndogo ya kuotesha miche na kuwapatia watu kazi za kutunza bustani na kupanda miti. Alikuwa na kitalu katika msitu wa Karura. Mwaka 1975 alipeleka miche kwenye maonyesho ya kimataifa ya Nairobi. Watu walipita, wakaisifu, wakaenda zao. Mwaka 1976 alisafiri kwenda Vancouver, Kanada, kuhudhuria mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu makazi. Aliporudi alikuta karibu miche yote imekauka.

Ama kweli, mwacha chake hupata hasara.

Hakukata tamaa. Mwaka uliofuata alipeleka wazo lake kwa Baraza la Wanawake. Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, waliandamana kutoka katikati ya jiji la Nairobi hadi uwanja wa Kamukunji na kupanda miti saba kwa heshima ya watu saba mashuhuri wa jamii mbalimbali za Kenya. Kampeni hiyo waliiita Harambee ya Kuiokoa Ardhi. Hapo ndipo likazaliwa vuguvugu la Green Belt, yaani Ukanda wa Kijani.

Na miti ile saba? Yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba ni miwili tu iliyodumu.

Niliposoma hayo nilifunga kitabu nikacheka peke yangu, msimamizi wa maktaba akanitazama vibaya. Miwili katika saba! Hata Wangari, pamoja na shahada zake tatu, alipanda miti mbele ya umati wa watu na ikafa. Kwa hivyo tofauti kati yake na sisi haimo katika kufa kwa miche. Imo katika kile alichofanya baadaye. Hakutafuta mbuzi wa kumlaumu. Alibadilisha utaratibu.

Wanamisitu wasio na vyeti

Badiliko la kwanza lilihusu nani mwenye ujuzi.

Vuguvugu lilipoanza, idara ya misitu ilikubali kutoa miche bure. Wangari alikuwa amesema anataka mti mmoja kwa kila Mkenya, na wakati huo Wakenya walikuwa kama milioni 15. Mkuu wa idara alicheka, akamwambia achukue yote anayotaka. Haukupita mwaka akabadilisha kauli na kudai miche ilipiwe, maana akina mama walikuwa wanachukua mingi kupita kiasi! Isitoshe, vitalu vya serikali vilikuwa mbali, na miche ilinyauka njiani. Ikawa lazima akina mama waoteshe ya kwao.

Maofisa wa misitu waliletwa kuwafundisha. Walizungumza kisomi sana: mteremko wa ardhi, mwelekeo wa jua, aina za udongo, vifaa maalumu. Akina mama walitoka pale wamechanganyikiwa. Wangari akawaambia wasiogope. Mbegu ya mti ni mbegu kama ya mahindi au maharagwe, na wao walikuwa wakizipanda tangu utotoni. Watumie akili zao.

Wakazitumia. Waliutazama mti unapodondosha mbegu na msimu wake, wakaziokota. Walitumia vyungu vilivyovunjika na mikebe mitupu. Waliiweka miche juu ya kitu kilichoinuka ili kuku na mbuzi wasiifikie. Walitoboa mikebe kwa msumari ikawa ya kumwagilia. Baadaye wakajulikana kama wanamisitu wasio na vyeti, na jina hilo lilikuwa la fahari.

Msomaji, usilipite jambo hili haraka. Mara nyingi mtu maskini huambiwa kwamba hajui kitu, aje afundishwe. Wangari, ambaye alikuwa na haki ya kujivunia elimu, aliwaambia maskini kwamba wanajua tayari. Elimu yake aliitumia kuwaonyesha uhusiano wa mambo. Kazi ya mikono na ya macho aliwaachia wenyewe.

Hatua kumi na senti chache

Badiliko la pili ndilo lililonigusa zaidi. Vuguvugu lilitengeneza utaratibu wa hatua kumi, kuanzia kuunda kikundi, kuchagua mahali pa kitalu na kuandika ripoti, hadi kuitembelea miti baada ya kupandwa kuona kama ingali hai. Malipo yalikuja mwisho kabisa. Kikundi kilipata senti chache kwa kila mche uliopona. Si kwa mche uliooteshwa. Si kwa mche uliopandwa mbele ya wageni. Mche uliokufa haukuwa na thamani hata ya sumni.

Wakati wa likizo fupi ya katikati ya muhula nilikwenda kwa nyanya yangu, Murang'a. Nilijua kwamba katika miaka ya 1980 alikuwa katika kikundi cha akina mama kilichokuwa na kitalu cha miche. Nilimkuta akichambua maharagwe. Nikamsimulia habari za miche yetu 120 na ile picha yangu.

Aliinua uso. "Sasa mjukuu wangu, wewe ulipanda mti au ulipanda picha?"

Nilikosa jibu. Akacheka, akanipa ungo tuchambue pamoja, akaanza kunieleza.

"Sisi mtu alikuja akasema, nipeni miche hamsini. Tulimuuliza, mashimo yako wapi? Akisema atachimba kesho, tulimwambia basi miche ni ya kesho. Tulienda kuyaona yale mashimo kwa macho. Kama hakuna shimo, hakuna mche."

"Mlikuwa wakali, nyanya."

"Si ukali. Mtu aliyechimba shimo ametoa jasho lake. Mche wa bure anauweka nyuma ya nyumba unakauka. Ule aliouchimbia, akisikia mbuzi usiku anaamka."

Nikamuuliza kama pesa zilikuwa nyingi.

"Nyingi wapi? Zilikuwa kidogo. Lakini zilikuwa zangu. Sikuomba babu yako. Nilinunua chumvi, nikanunua mafuta ya taa, mama yako nikamnunulia daftari. Na kuni sikuenda kutafuta mbali tena. Huo mgrevilea unaouona pale kwenye mpaka, tumeukata matawi miaka mingapi? Na bado umesimama."

Nilitazama. Ulikuwa mrefu kuliko nyumba.

Tazama jinsi utaratibu huu unavyofanya kazi. Shimo kwanza, ili anayetaka msaada aanze kwa jasho lake. Daftari, ili kila mche uwe na mwenyewe. Ziara ya kuhesabu, ili ukweli ujulikane. Malipo mwishoni, ili faida ifuate uhai na isifuate sherehe. Hakuna hatua hata moja inayohitaji mtu mwenye digrii. Wote wanahitaji uaminifu na subira tu.

Kupanda basi lisilo lenu

Badiliko la tatu lilikuwa la fikra. Vuguvugu liliandaa semina vijijini. Watu waliombwa wataje shida zao, zikaandikwa moja baada ya nyingine. Kisha wakaulizwa: shida hizi zimeletwa na nani? Karibu wote walijibu kwamba ni serikali.

Wangari hakuitetea serikali. Mnajua jinsi alivyopambana nayo. Lakini aliwaambia kwamba serikali si jibu lote. Ardhi ni yenu, udongo unabebwa na maji mbele ya macho yenu, nanyi mmefanya nini?

Kuwaelewesha alitumia mfano wa basi. Mtu anafika stendi na kupanda basi lisilo lake. Anafika mahali asipopajua, giza limeingia, hana pesa, hana ndugu, pengine hata polisi wanamshuku. Kwa nini alipanda basi hilo? Semina nzima ilishiriki kujibu. Labda hakuuliza. Labda aliuliza akadanganywa. Labda hajui kusoma kibao. Labda alilazimishwa na makuli wa stendi. Labda alikuwa mlevi, au mwenye kiburi akajifanya anajua. Hata hivyo, jambo la kwanza la kufanya ni lilelile: kutambua kwamba basi si lako, kisha kushuka.

Ukiutazama mfano huu vizuri, haumlaumu maskini wala haumwachilii. Yule aliyedanganywa ana haki ya kumshtaki aliyemdanganya. Lakini akikaa ndani ya basi akilalamika tu, linazidi kumpeleka mbali.

Kujitegemea si kuachwa peke yako

Hapa naomba nitoe tahadhari, kwa sababu neno kujitegemea linaweza kutumiwa vibaya. Wapo wanaowaambia maskini "jitegemeeni" wakimaanisha "msitusumbue". Wangari hakumaanisha hivyo. Vuguvugu lake lilipokea misaada kutoka kwa mfuko wa wanawake wa Umoja wa Mataifa na kutoka kwa chama cha misitu cha Norwei mapema katika miaka ya 1980. Msaada huo ndio uliolipia zile senti za akina mama. Tofauti ni kwamba msaada ulikuja ukakuta mashimo yamechimbwa.

Vilevile, hakuacha kuidai haki. Mwaka 1989 alipinga mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Alitukanwa na kudharauliwa hadharani, na vuguvugu likafukuzwa katika ofisi za serikali lilimokuwa. Lakini jumba halikujengwa. Mwezi wa Januari 1999 alipigwa na kujeruhiwa kichwani alipokwenda kupanda miti katika msitu wa Karura, ambao ulikuwa unagawiwa watu binafsi. Leo msitu huo upo. Naamini mtu aliyezoea kuhesabu miche yake mwenyewe hujifunza pia kuhesabu mali ya umma, na akiona imepungua, huuliza.

Wakenya hatukufundishwa kusaidiana na wageni. Wakikuyu wana ngwatio, Wakamba wana mwethya, Wajaluo wana saga, na Kiswahili chenyewe kina neno msaragambo. Zote ni njia za kufanya kazi kwa pamoja, leo kwako, kesho kwangu. Mwaka 1963 Jomo Kenyatta aliliinua neno Harambee likawa mwito wa taifa, na shule nyingi, zahanati na majosho ya ng'ombe yakajengwa kwa nguvu za wananchi. Lakini kadiri miaka ilivyopita harambee nyingi zilibadilika. Mkubwa alikuja na bahasha, akatangaza kiasi, watu wakapiga makofi. Maskini alilazimishwa kuchanga, na hakuna aliyemletea hesabu. Mambo yalifika mahali ambapo sheria ya maadili ya maofisa wa umma ya mwaka 2003 iliwawekea maofisa hao mipaka katika kuchangisha harambee.

Ukizilinganisha harambee ya makofi na ile ya akina nyanya, utaona kwamba katika ya kwanza mtu mmoja hutoa na wengi hutazama. Katika ya pili wengi hutoa, na wote huhesabu.

Tuzo, na swali linalotuhusu

Mwaka 2002 Wangari alichaguliwa kuwa mbunge wa Tetu, na mwaka 2003 akawa waziri msaidizi wa mazingira. Mwaka 2004 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza Mwafrika kuipata. Wakati huo vuguvugu lilikuwa limepanda zaidi ya miti milioni 30. Alifariki dunia tarehe 25 Septemba 2011, na kwa kuwa hakutaka mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake, mwili wake ulichomwa kwa namna iliyoheshimu ombi hilo.

Hesabu ya milioni 30 inasisimua. Hata serikali yetu, mwaka 2022, ilitangaza lengo la kukuza miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ikatupatia siku nzima ya mapumziko ili tupande. Ni jambo jema. Lakini mimi niliyepanda picha najua kwamba siku ya kupanda ndiyo rahisi kuliko zote. Kazi yenyewe huanza siku ya pili, wageni wakishaondoka, kwaya ikishanyamaza, na ndoo ya maji ikiwa nzito.

Nami sidhani jambo hili linahusu miti peke yake. Ni vikundi vingapi vya akina mama huanzishwa kwa keki na sare, halafu vinakufa kwa sababu hakuna daftari? Ni miradi mingapi ya kuku na sungura imefunguliwa na wageni waheshimiwa, na leo vizimba ni vitupu? Umaskini hauogopi uzinduzi. Unaogopa yule anayerudi kesho yake.

Turudi nyuma ya mabweni

Baada ya kuyasoma haya, chama chetu kilikutana tena, safari hii bila kesi ya mbuzi. Tulikubaliana mambo matano.

Kwanza, hatutapanda 120. Tutapanda 30, kwa sababu tuko wanachama 30. Pili, hakuna shimo, hakuna mche. Tatu, kila mche utaandikwa katika daftari kwa jina la mwenyewe na tarehe, na daftari litakaa kwa katibu. Nne, tutamwagilia kwa maji tuliyofulia, ambayo sasa tunayamwaga bure mferejini, tukihakikisha hayana sabuni nyingi. Tano, wenzetu watano wanaoishi karibu na shule wameahidi kupita wakati wa likizo ndefu ya Novemba na Desemba, na sisi wengine tutawalipa kwa kuwafanyia zamu zao za usafi muhula ujao. Tazama, hata hapo tumepata malipo kwa mche uliopona!

Ile tisa iliyojiokoa yenyewe tumeizungushia miiba. Mmoja wa wanachama alisema tuipe vyeti, maana imefaulu mtihani bila mwalimu.

Sijui kama 30 yote itapona. Ya Wangari haikupona yote. Lakini tumemwomba Mwalimu kwamba gazeti hili la mwaka ujao lichapishe hesabu yetu, iwe nzuri iwe mbaya, na majina yakiwa kando yake. Nadhani kuijua siku ya hesabu kutatuamsha usiku tukisikia mbuzi.

Picha yangu nimeibandua kwenye ubao. Shimo langu ni la nne kutoka kwenye mfereji, upande wa bweni la Kidato cha Kwanza. Nimelichimba futi mbili, nimetia samadi, na mvua ya vuli imeshaanza. Ukipita, mwenzangu, chungulia. Ukikuta mche umekauka, usimuulize mbuzi. Niulize mimi.